Chupa Iliyoanguka Kutoka Angani: Nani Anasimulia, Nani Anachekwa?

Walimu wengi wa fasihi huona haya kutaja filamu ya kichekesho darasani. Utanzu huu huhesabiwa kuwa wa watu wasio na kazi, wa kuanguka matopeni na kugongana vichwa. Makala haya yanadai kuwa filamu mojawapo ya aina hiyo, The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys wa Afrika Kusini (1980), inaweza kumfunza mtahiniwa suala la usimulizi kuliko riwaya kadhaa.

Kwa miaka mingi wengi wetu tuliijua kwa kanda zilizonakiliwa mara nyingi hata nyuso zikawa vivuli na sauti mkwaruzo. Siku hizi inapatikana katika picha ang'avu, na katika sebule za mitaa ya Syokimau inatazamwa kwenye runinga pana, kila unywele ukionekana na kila neno likisikika. Neno ndilo lenye kasoro.

Ploti ni nyepesi. Rubani anatupa chupa tupu ya Coca-Cola kutoka kwenye ndege, nayo inaiangukia jamii ya Wasan katika jangwa la Kalahari. Inafaa kwa kazi nyingi, ila ni moja tu, ugomvi unazuka. Xi, anayeigizwa na N!xau, anafunga safari kwenda kuitupa ukingoni mwa dunia. Vitendo vya kuchekesha havijachakaa: gari bovu la mtafiti Steyn linaloishia kuning'inia mtini bado litawavunja mbavu wanafunzi wako, nami sioni sababu ya kuwazuia.

Tatizo ni sauti ya msimulizi. Ni msimulizi maizi, mtulivu, anayezungumza kama mtaalamu wa filamu za wanyamapori. Anatuambia kuwa Wasan hawajui mali, hawana uhalifu, hawana watawala, na kwamba hawana habari za ulimwengu mwingine. Katika kanda mbovu sauti hii ilikuwa kelele ya nyuma tu. Ukiisikia sawasawa, unatambua kuwa kila tunachoambiwa kuhusu fikra za Xi kimetoka kwake, si kwa Xi.

Mwaka huohuo wa 1980 John Marshall alitoa filamu ya hali halisi iitwayo N!ai, the Story of a !Kung Woman. Humo watu walewale, Waju/'hoansi, wanaonekana wakiishi katika makao ya serikali huko Tsumkwe, Namibia ya leo, wakitegemea posho ya unga, wakiugua kifua kikuu, vijana wao wakiandikishwa katika jeshi la Afrika Kusini. Upigaji picha wa filamu ya Uys umo pia. N!xau mwenyewe, aliyefariki mwaka wa 2003, aliwahi kuwa mpishi wa shule. Basi huyu ni msimulizi asiyeaminika, ila filamu yenyewe haijui hivyo. Hapo ndipo inapotofautiana na kazi za kejeli, ambamo mtunzi humweka msimulizi wa namna hiyo kwa makusudi.

Linganisha na mighani ya Wakamba. Nabii Syokimau, ambaye mtaa huu una jina lake, inasimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu akija kutoka baharini, na watu wageni waliobeba moto mifukoni. Wazee walikuja kufasiri: nyoka ni reli, moto ni kiberiti. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na stesheni kuu ya reli ya kisasa ilifunguliwa papa hapa mwaka wa 2017. Katika filamu, Xi anapoona gari, tunaambiwa analiona kuwa mnyama ambaye miguu yake huzunguka. Mbinu ni ileile, kitu kigeni kupewa sitiari ya nyumbani. Lakini sitiari ya Syokimau husimuliwa na jamii yake na humpa hadhi ya mwonaji. Ya Xi ametungiwa na mtu mwingine, nayo humfanya mtoto.

Onyesho la mahakama linathibitisha hili. Xi amemuua mbuzi wa watu, akamkaribisha mchungaji kula naye; anashtakiwa kwa lugha asiyoielewa, na Mpudi ndiye mkalimani. Anafungwa. Mtazamaji aliyelelewa na Vioja Mahakamani ya KBC atashangaa: kule mshtakiwa ndiye mwenye maneno mengi, akimchosha hakimu kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya mama, na kicheko ni chake. Hapa mshtakiwa anatabasamu tu.

Mwalimu anayetaka kujaribu na azime sauti katika dakika kumi za mwanzo, awape wanafunzi kazi ya kusimulia wanachokiona. Si jambo geni kwao. Wamezoea kumsikia DJ Afro akiweka maneno yake juu ya filamu za watu. Kisha airudishe sauti, darasa lilinganishe masimulizi hayo mawili. Picha ang'avu inasaidia sana hapa, kwa kuwa uso wa N!xau, ambao kanda zetu ziliufanya doa jeusi, sasa unasomeka: anasita, anapima, anaficha cheko.