Vita vya Mwengo Ambavyo Havikupiganwa

Vijana wenzangu wa kalamu, shuleni tulikaririshwa kwamba Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni kati ya tungo kongwe za Kiswahili. Basi, tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata maksi. Kuusoma, nani alituambia tuusome? Mimi nimeusoma mwaka huu, na kwa taabu, maana lugha ya Mwengo bin Athumani ni ya Pate, si ya huku kwetu Kalenga. Kila ubeti nasimama kama basi kwenye matuta.

Nakala yake ya mkono, kwa herufi za Kiarabu, iko Hamburg, Ujerumani. Mfalme wa Pate ndiye aliyemwagiza Mwengo atunge habari za vita vya Waislamu na Herekali, Kaisari wa Konstantinopoli. Herekali wa kweli, watu wake walisema Kigiriki na vitabu vyao waliviandika juu ya ngozi za wanyama. Kwa Mwengo anasema Kiswahili cha visiwani! Wala si adui bubu: anaandikiwa barua na Mtume, naye anajibu.

Sasa sikilizeni kilichonishtua. Muta, mwaka 629, watu walikufa kweli, Jaafari akiwamo. Lakini Tabuki, ndiyo hiyo Tambuka, mwaka 630 jeshi lilifika, likapiga kambi, likarudi. Pambano na Warumi halikuwapo. Mwengo anatupa vita kamili, beti zaidi ya 1,100. Ametunga! Nasema kwa heshima zote, mzee ametunga.

Kasoro anazo. Mashujaa wake hawajui woga, ukishamwona mmoja akichomoa upanga umewaona wote, na katikati nilisinzia. Aliyenishika mpaka mwisho ni Herekali, kwa sababu ana kiti cha kupoteza.

Linanihusu hili. Naandika riwaya ya Mkwawa, mwaka wa tatu sasa, na nimekwama Lugalo, 17 Agosti 1891, Wahehe wanapokivamia kikosi cha Zelewski. Kila nikitaka kumpa Mjerumani yule neno la kusema, mkono unaingia ganzi. Nani alimsikia? Na hapa kijijini kila mzee ana Mkwawa wake; ukikosea, anakusimamisha njiani: "Kamwene mwanangu, hayo umeyatoa wapi?" Fuvu lenyewe lipo hapa kwenye makumbusho, lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Jaribu wewe kubuni mbele ya fuvu.

Mwengo alikuwa mbali na Tabuki kwa bahari nzima na miaka elfu na zaidi, hakuna mjukuu wa Herekali wa kumgombeza. Mimi Lugalo naifikia kwa daladala. Lakini alichothubutu ni kumwacha adui aseme kwa lugha ya nyumbani, na hilo hata wazee wangu hawawezi kulikataa.

Jana usiku nilimpa Zelewski sentensi moja. Nikaifuta. Leo asubuhi nimeirudisha.