Kabla ya kuanua maharage

Juzi niliwawekea wenzangu hapa Lushoto En Mana Kuoyo, albamu ya Mkenya Ayub Ogada iliyotoka Real World mwaka 1993. Maoni yakagongana papo hapo. Kijana mmoja alisema inasinzisha, mdundo uko wapi? Mzee mmoja akauliza: kwa nini tusifie Kijaluo ambacho hapa hakuna anayekielewa?

Hoja ya mzee ndiyo iliyonikaa. Sisi Wasambaa tunajua inavyouma wimbo ukisifiwa sauti tu, maneno yakaachwa nje. Basi nikamwambia, "Kothbiro" maana yake mvua inakuja. Akanyamaza, akaomba niurudie. Safari hii aliisikia nyatiti, nyuzi nane tu, ikizunguka palepale bila papara.

Kijana naye hakukosea kabisa. Kuna nyimbo humo zinafanana mno (na mimi huziruka). Ila huu siuruki. Wengi waliujulia kwenye filamu ya The Constant Gardener, 2005, wakauchukua kuwa wimbo wa msiba. Mzee wetu alitazama ukungu unaoshuka kutoka Magamba, akainuka kwenda kuanua maharage yake.