Sare ya Hatua ya Kumi na Nne

Sare katika sataranji si aibu. Lakini ipo sare iliyotafutwa kwa jasho, na ipo iliyookotwa njiani. Mchezo ninaouzungumzia, uliochezwa hapa Mwanza baina ya watu wawili wa kiwango cha klabu, ni wa aina ya pili. Nimeupitia mara tatu katika karatasi waliyoandikia hatua zao.

Walifungua kwa ule ufunguzi uitwao wa Kifaransa, katika njia yake ya kubadilishana. Askari wa katikati hulana hatua ya 3, na pande mbili hubaki zikifanana kama mtu na kivuli chake. Huyu akitoa farasi, yule naye hutoa farasi. Ngome zote nne zikamalizana katika njia moja iliyo wazi, na hatua ya 14 wakapeana mikono.

Wapo wanaosema ufunguzi huu ndio unaoua mchezo. Siafiki. Mwaka 1990 huko Manila, Mikhail Gurevich alihitaji sare tu katika raundi ya mwisho ili aendelee kuwania ubingwa wa dunia. Akiwa na kete nyeupe, alichagua njia hii hii dhidi ya Nigel Short wa Uingereza, akafungwa. Short akasonga mbele, na mwaka 1993 akapambana na Kasparov jijini London.

Sasa tazama, msomaji, walipoishia wachezaji wetu. Kila upande ulikuwa na kete 13. Mwenye nyeupe alikuwa amelipiza ngome yake ya mwisho kwa kumrudisha farasi kutoka f3 hadi e1. Farasi huyo ndiye aliyemlinda askari wa h2. Alipoondoka, askari alibaki na mfalme peke yake, huku askofu wa d6 na malkia wa c7 wakimlenga katika mstari mmoja. Ilikuwa zamu ya mwenye nyeusi. Askari yule alikuwa wa bure. Badala ya kumla, akatoa mkono. Alizoea kuiga hata hakuona kwamba kufanana kumekwisha.

Wavuvi wanaoleta dagaa Mwaloni Kirumba hupumzika siku za mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa mwezi huishinda taa yao. Hayo ni mapumziko yenye sababu. Sare nayo, kwa maoni yangu, ikubaliwe baada ya kuyatazama maji, si baada ya kumtazama mwenzako.