Wafugaji wa Usambara katika Vitabu vya Wageni

Milima ya Usambara ikitajwa, wengi wetu hufikiri kwanza mashamba ya mteremkoni, mboga na matunda yanayoshushwa Mombo kwenda Dar es Salaam, na utawala wa Wakilindi uliokuwa na makao yake Vugha. Ni nadra mtu kufikiri ng'ombe. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Shume na Magamba wameishi Wambugu, watu ambao mali yao na heshima yao tangu zamani ilikuwa mifugo, nao walihama na mifugo hiyo baina ya msitu na uwanda kadiri majani yalivyopatikana. Ajabu ni kwamba watu hawa, ambao mwanafunzi wa sekondari aweza kumaliza masomo yake asiwasikie, wamejadiliwa kwa miaka zaidi ya mia moja katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani.

Tunakusudia hapa kuhakiki baadhi ya maandishi ya wageni waliokuja kujifunza kwa wafugaji wa milima hii na wa mbuga zilizo chini yake. Hatutapima ustadi wao wa kitaaluma peke yake. Twataka kujua mgeni alipokaa na mfugaji alimwuliza nini, maana jibu hufuata swali, na swali baya likiulizwa na watu wengi wenye elimu hugeuka kuwa ukweli.

Yafaa tuanze na mgeni aliyeandika Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi karibu na watawala wa Kikilindi, hasa Semboja wa Mazinde, alitunga Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikahaririwa upya na J. W. T. Allen mwaka 1962. Kwa fani, hiki ni miongoni mwa vitabu bora vya nathari tulivyo navyo: masimulizi yake yana kasi, na mazungumzo yake yanasikika. Lakini jicho lake ni la baraza la mfalme. Mbegha mwindaji anatoka Nguu, anaua simba, anapewa nchi. Vita vya wana wa Kimweri vinafuata. Na katika masimulizi hayo yote mfugaji ni jirani tu, huonekana pale anapowahusu watawala. Hatumlaumu mtungaji kwa hilo, kwani alikusudia kuandika habari za Wakilindi na jina la kitabu halikuficha nia hiyo. Tunachosema ni kwamba waliokuja baada yake waliurithi mpaka aliouchora, wengine bila kuutazama.

Wataalamu wa lugha walivutwa na jambo jingine. Wambugu wana namna mbili za kusema. Ya kwanza inakaribiana sana na Chasu, lugha ya Wapare. Ya pili, ambayo wenyewe huiita Ma'a, hutumia viambishi na sarufi ile ile, ila maneno yake mengi ni ya asili ya Kikushi, mengine ya Kimaasai, na mengine ni ya Kibantu yaliyopindwa kwa makusudi yasitambulike. Carl Meinhof, Mjerumani, alichapisha maelezo juu ya lugha hii mwaka 1906. Tangu hapo hoja ikawa moja: Wambugu tuwaweke katika ukoo gani wa lugha? Mwaka 1983 Sarah Thomason, Mmarekani, alitumia mfano wao kubishana na kanuni kwamba kila lugha lazima iwe na mzazi mmoja. Kwa maoni yake hii ilikuwa lugha ya Kikushi iliyokubali sarufi ya Kibantu kidogo kidogo kwa kuzidiwa na majirani.

Hoja hiyo ni nzito na mwalimu wa isimu ana haki ya kuifurahia. Lakini tazama kinachompata mfugaji ndani yake. Amekuwa kielelezo. Hatujui anachunga wapi, anaoa wapi, wala kwa nini aliona haja ya kusema kitu kimoja kwa namna mbili.

Hapo ndipo kitabu cha Maarten Mous, Mholanzi, kilichotoka mwaka 2003, kinapotuonyesha njia nyingine. Mous alikuwa amekwisha kuandika sarufi ya Kiiraqw, hivyo sikio lake lilikuwa tayari kwa maneno ya Kikushi. Lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yetu, ni kwamba aliacha kuuliza Ma'a imetoka wapi tu, akauliza inafanya kazi gani. Jibu lake ni kuwa Wambugu walikwisha hamia lugha ya Kibantu kama ile ya Wapare, kisha wakajijengea upya, juu ya sarufi hiyo hiyo, msamiati wa pembeni ili wasimezwe na majirani. Kwa hiyo lugha ambayo wengine waliiona kama mabaki ya kitu kilichokufa, yeye aliiona kama kazi ya watu hai walioamua kubaki Wambugu. Mwanafunzi anayetoka Magamba akisoma maelezo ya kwanza atajiona ni salio la historia. Akisoma ya pili atawaona wazee wake kama mafundi. Tofauti hiyo haikuletwa na vipimo bora, bali na swali.

Kwa Steven Feierman tunasita zaidi. Mwanahistoria huyu wa Marekani alikaa Usambara miaka ya 1960, akajifunza Kisambaa, akatoa The Shambaa Kingdom mwaka 1974, na baadaye Peasant Intellectuals mwaka 1990. Kitabu hiki cha pili ni cha thamani isiyo na shaka. Kinamchukua mkulima wa kawaida kama mtu mwenye fikra za siasa, na kinaonyesha jinsi maneno ya Kisambaa ya kuiponya nchi na kuiharibu nchi, yaani kuzifya shi na kubana shi, yalivyotumika katika kupinga mpango wa wakoloni wa kuhifadhi udongo, ule wa matuta ulioanzia bonde la Mlalo baada ya Vita Kuu ya Pili na ukaachwa kabla ya uhuru. Ni wachache waliotuandikia hivyo. Lakini katika kitabu cha kwanza Wambugu huingia kama watu waliofika kutoka nje, ambao ujio wao ulitikisa utaratibu wa Wasambaa na kusaidia kueleza kwa nini wenyeji walimhitaji mtawala kama Mbegha. Hoja yaweza kuwa ya kweli. Wambugu wenyewe husimulia kuwa walitoka Lukipya, na wataalamu hulihusisha jina hilo na Laikipia ya Kenya. Hata hivyo Mbegha naye alitoka nje! Mwindaji wa Nguu anafika na nguruwe mwitu begani na kuwa baba wa taifa. Mfugaji anafika na ng'ombe na kubaki mgeni kwa karne kadhaa. Tungependa mwandishi mwenye masikio makali kama Feierman akae juu ya swali hilo kuliko alivyokaa.

Christopher Conte, katika kitabu chake cha mwaka 2004 juu ya historia ya mazingira ya milima hii, amefanya sehemu ya kazi hiyo. Wajerumani waliotawala kutoka Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, waliutazama msitu wa Shume na Magamba wakaona mali ya asili isiyo na mwenyewe: mierezi ya kukatwa na kushushwa kwa waya hadi Mkumbara, na ardhi ya kutengwa kuwa hifadhi. Conte anasoma msitu ule ule kwa macho ya mchungaji. Nafasi zenye nyasi katikati ya miti zilikuwa malisho, zikitunzwa kwa kwato na kwa moto wa watu wenye maarifa. Kwa maneno mengine, hifadhi iliwekwa juu ya ramani ya watu wengine. Hii ndiyo sura tungewashauri walimu wa jiografia waitafute kwanza.

Hapa mtu aweza kutuuliza: kuna ubaya gani mfugaji akiitwa mgeni, ikiwa kweli alihamia? Jibu liko chini ya mlima. Pori la akiba la Mkomazi lilitangazwa mwaka 1951, na upande wake wa mashariki ulio katika wilaya ya Lushoto baadhi ya wafugaji, Waparakuyo wakiwamo, waliruhusiwa kuendelea kuishi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliondolewa. Walikwenda mahakamani, na sehemu kubwa ya mabishano ilihusu nani alitangulia kufika pale. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudishia ardhi. Mwaka 2008 pori likawa hifadhi ya taifa. Dan Brockington, Mwingereza aliyefanya utafiti kati ya wafugaji hao miaka ya 1990, ameyaeleza hayo katika Fortress Conservation, kitabu cha mwaka 2002, kwa uangalifu mkubwa na hasira iliyozuiwa. Lile swali la asili, ambalo kwa mtaalamu ni la ukurasa mmoja, mbele ya hakimu lilikuwa na uzito wa nchi nzima ya malisho.

Huko juu, mabadiliko yamekwenda kwa njia tulivu zaidi. Mradi wa SECAP, ulioanza mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, ulihimiza ng'ombe wafungwe zizini na kukatiwa majani ya tembo na Gwatemala yaliyopandwa kingoni mwa matuta. Udongo ulifaidika. Ila mtoto anayekata majani jioni hajifunzi yale aliyojifunza babu yake kwa kuzunguka na kundi msituni, wala majina ya mahali pale kwa Ma'a.

Vitabu tulivyovitaja, ukiacha kile cha Abdallah bin Hemedi, havikuandikwa kwa Kiswahili, na bei yake haiwezwi na maktaba ya shule yoyote ya Lushoto. Kila mmoja umetoka kwa wazee waliotoa siku zao, chai yao na kumbukumbu zao bila malipo ya maana. Tungeanza na sura mbili tu, ile ya Conte juu ya malisho ya msituni na ile ya Mous juu ya kazi ya Ma'a katika maisha ya Wambugu, zifasiriwe na kupelekwa Shume, Magamba na Rangwi wakati wazee wanaoweza kuzisahihisha wangali hai.