Mbinguni Charles Hakuitwa

Sura ile ya mbinguni ndiyo iliyoiharibu Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi. Naanza na hukumu kwa sababu mmeisoma wote, iwe darasani au kwa kujificha enzi zile ilipopigwa marufuku shuleni.

Turudi pale Rosa anapojiua. Hadi hapo Kezilahabi ameushika mgogoro barabara: barua ya Charles, kipigo cha baba yake Zakaria, shule ya Rosary, Deogratias aliyemrubuni, chuo cha Morogoro. Charles, mchumba wake, amemwacha Rosa kwa kuwa si bikira. Swali lililotuvuta tangu ile barua limefika kileleni: kijana huyu anampenda Rosa, au anampenda Rosa aliyejichorea mwenyewe kichwani? Tunamsubiri ajibu. Mara msimulizi anatupandisha mbinguni, eti baba na binti wakashitakiane mbele ya Mungu.

Tazameni ufundi unavyobomoka. Mahakama ya mbinguni huita marehemu tu. Charles yu hai, basi amekwepa kizimba kwa sababu ya mandhari aliyoichagua mwandishi, wala si kwa kukosa hatia. Kesi ya mapenzi imegeuka kesi ya malezi. Tena msimulizi maizi, aliyekuwa akituachia tupime wenyewe, sasa anatuletea hakimu ambaye hakatiwi rufaa!

Watunga miongozo ya shuleni walishangilia. Dhamira: ulevi, malezi mabaya, andika, pata alama. Nimewalalamikia kwa miaka na sijamaliza, maana wamewazoesha vijana kusoma riwaya kama hati ya mashitaka. Hapa Bugarama, kwenye machimbo ya dhahabu, mchumba akihamia rashi nyingine na simu yake ikaacha kupatikana, binti aliyebaki hajiulizi alilelewaje. Anajiuliza kama alipendwa.

Watetezi watasema mwandishi alipitia seminari ya Nyegezi, na kitabu kilipotoka mwaka 1971 alikuwa kijana wa miaka 27. Sawa. Lakini Ukerewe hiyohiyo alikotoka Kezilahabi ilikuwa na mzee Aniceti Kitereza, aliyemaliza tangu 1945 kukiandika kwa Kikerewe kisa cha Myombekere na Bugonoka, ingawa tafsiri yake ya Kiswahili ilichapishwa 1980. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kurudi kwao baada ya kusimangwa kwa kukosa mtoto. Myombekere anafunga safari kwenda ukweni, anameza maneno makali, anatozwa faini ya mitungi ya pombe ya ndizi, anahangaika mpaka ipatikane. Kama anampenda mkewe au la, tunaliona katika safari zake na katika mitungi ile. Kitereza hakuhitaji kumpandisha mtu mbinguni ili tujue nani anampenda nani.

Mimi ningeikata sura ile yote, nikambakiza Charles kijijini, katikati ya watu wanaojua alichofanya. Kitereza, ambaye hakuwahi kuogopa wingi wa kurasa, angempa mia nzima, na wakwe wasingemruhusu ainuke kwenye kiti kabla hajajibu.