Pongezi kwa Mafundi Chokaa wa Mji Mkongwe

Mafundi chokaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mnastahili shukrani zetu. Kuta za mji huu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, ni za mawe ya matumbawe, nazo hunywa unyevu na kuutoa. Lipu ya saruji huufungia ndani. Chumvi ikatafuna jiwe, boriti za mikoko zikaoza pale zilipoingia ukutani. Lipu ya chokaa huuacha ukuta upumue. Lakini haitaki pupa: chokaa huchomwa, huzimwa kwa maji, huachwa iive, kisha hupigwa tabaka kwa tabaka, kila moja likingojewa likaze polepole. Subira hiyo ndiyo ufundi wenyewe. Wenye nyumba, waiteni mafundi hawa kabla ya saruji, na wapeni vijana wa kuurithi ujuzi wao.