Sakura ya Wenzetu, Mkrismasi Wetu

Hebu tuambizane ukweli, wasomaji. Jumapili moja tulikaa hapa Mkwajuni kusoma mashairi, jua la Oktoba linachoma mpaka mbwa wamehama barabarani. Kijana mmoja akasimama na karatasi yake. Ubeti wa kwanza theluji inayeyuka. Ubeti wa pili majira ya machipuko yamerudi, na maua mepesi yanadondokea mtoni. Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Halafu dada mmoja wa pale nyuma akauliza, "Sasa kaka, hiyo theluji uliikanyaga wapi?" Watu wakacheka hadi machozi, na mwenye shairi akakunja karatasi akaketi.

Baadaye akanivuta pembeni. Kumbe theluji ile ameitoa kwenye nyimbo za Kijapani anazosikiliza kwenye simu, zile zilizomjia kwa mlango wa katuni. "Zinaniliza," akasema, "na Kijapani chenyewe sikijui."

Hilo la kumliza ndilo lililonifanya nizitafute, nikazisikiliza na tafsiri mkononi. Maoni yangu ni haya, na atakayebisha abishe: nyimbo hazina kosa. Mshkaji wetu amechuma ua akauacha mti.

Chukua "Nagori Yuki". Uliandikwa na Shozo Ise, ukatoka 1974 na kundi lake la Kaguyahime, na mwaka uliofuata dada aitwaye Iruka akauimba upya, ndipo ulipovuma hasa. Kisa chake ni kidogo kabisa. Watu wawili wamesimama stesheni jijini Tokyo wakingoja treni. Mmoja anaondoka. Theluji ya mwisho inaanguka, imechelewa, msimu wake umeshapita. Anayebaki anamtazama mwenzake na kugundua kwamba amekuwa mtu mzima, mzuri kuliko alivyokuwa mwaka jana. Basi, ndiyo yote. Hakuna kiapo, hakuna "nitakufa bila wewe". Theluji ile haikuwekwa pale kama pambo. Imechelewa kuondoka kama yule jamaa alivyochelewa kusema lake, na ukiitoa, wimbo unaanguka kama banda lililong'olewa nguzo.

Sasa kwa nini machipuko, na si kiangazi chao au majira ya kupukutika majani? Hapa ndipo wengi wetu tunapotea, tukidhani Wajapani wanalilia maua. Maua yamo, sikatai. Sakura ya Tokyo huchanua kuelekea mwisho wa Machi, na ikishakolea hudumu kama wiki moja tu, upepo unamaliza kazi. Lakini huo huo mwezi wa Machi ndio shule zao hufunga mwaka, na Aprili mwaka mpya unaanza: darasa jipya, kazi mpya, mji mpya. Wala si jambo la tangu enzi za mababu. Serikali yao iliuhamishia mwaka wa fedha Aprili mnamo 1886, shule zikafuata taratibu, na vyuo vikuu vikaingia kwenye mstari mwaka 1921. Kwa hiyo machozi ya sakura yana mkono wa karani wa hazina ndani yake! Nchi nzima inaagana wiki moja, chini ya miti ya aina moja. Mtunzi akitaja ua tu, msikilizaji anakumbuka mtu.

Ushahidi nilioupenda kuliko wote ni "Sangatsu Kokonoka" wa kundi la Remioromen, uliotoka 2004. Jina lake ni tarehe: 9 Machi. Vijana wale waliutunga kwa ajili ya harusi ya rafiki yao. Harusi, jamani! Lakini mwaka 2005 ukaimbwa na wanafunzi ndani ya tamthilia ya televisheni, shule zikaupokea, na leo ni wimbo wa mahafali. Tarehe ilikuwa na nguvu kuliko nia ya watunzi. Wimbo wenye Machi kwenye jina lake, Japani, utaishia shuleni utake usitake.

Na kuna "Haru nanoni" wa mwaka 1983, ulioandikwa na Miyuki Nakajima na kuimbwa na Yoshie Kashiwabara. Maana ya jina ni kama kusema "ingawa ni machipuko". Ndani yake msichana anaomba kifungo cha sare ya mvulana kiwe ukumbusho. Ni desturi yao siku ya mahafali: binti huomba kifungo cha pili cha koti, kwa kuwa ndicho kilichokaa karibu na moyo. Huo nauweka juu sana, kwa sababu kifungo unaweza kukishika. Moyo uliovunjika nani ameushika?

Lakini tusiwasifie wenzetu mpaka tukapofuka. Tangu Masaharu Fukuyama atoe "Sakurazaka" mwaka 2000, mlango ulifunguka ng'ambo ile. Naotaro Moriyama akaja na "Sakura" 2003, Kobukuro na "Sakura" yao 2005, Ketsumeishi nao "Sakura" mwaka huo huo, Ikimonogakari "SAKURA" 2006. Wa Moriyama nauheshimu, maana toleo lililovuma ni piano na sauti ya mtu, hakuna pa kujificha. Ila ukizisikiliza zote kwa mkupuo unaanza kuona fomula: ua linadondoka, kinanda kinapanda, mtu ananyamaza, kiitikio. Hata kwao ua linaweza kugeuka plastiki. Sasa sisi tunaonunua plastiki hiyo kwa bei ya usafiri kutoka Osaka, tunaponea wapi?

Nimetaja Osaka makusudi. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda kupiga muziki kule kwenye maonyesho ya dunia, Expo 70, na Mbaraka Mwinshehe alikuwemo na gitaa lake. Bendi ikatoa na wimbo wenye jina hilo hilo, Expo 70. Mbaraka aliiona Japani kwa macho yake, si kwa simu, na bado nyimbo tunazomkumbukia tangu alipofariki Januari 1979 ni za watu wa huku na shida za huku. Zilipendwa zetu kwa kawaida hazikumbuki kwa msimu, zinakumbuka kwa jina la mtu. Marijani Rajab anaimba "Georgina", anaimba "Zuwena", na kila mwenye Zuwena wake anashtuka. (Hata hilo neno "zilipendwa" lina uongo kidogo. Nani aliacha kuzipenda?)

Je, ndiyo kusema hatuna majira? Hapana, hapo nabisha na wale wanaosema Mtanzania ajiimbie jua na mvua tu. Sisi nasi tuna kalenda yetu, inaishia Novemba. Mtihani wa kidato cha nne unafanyika mwezi huo. Karatasi ya mwisho ikikusanywa, watu wanaandikiana kwa kalamu kwenye mashati ya shule: majina, utani, ahadi za kutafutana. Shati lile ndilo kifungo chetu cha pili. Kesho yake tranka na godoro vimefungwa kamba stendi, basi la Mbeya linapiga honi, vumbi bado halijashiba mvua ya kwanza.

Na nani anasimama uwanjani mwa shule wakati huo, mwekundu kama moto? Mkrismasi. Asili yake Madagaska, na hakuna aliyewahi kumdai kibali. Mwangalieni jina lake: mti ulioitwa kwa kalenda, kwa sababu tu huchanua kuelekea sikukuu. Wajapani walilazimika kuufunga mti kwenye kalenda kwa nyimbo mia. Sisi lugha imeshatufungia bure, na bado tunaandika theluji.

Sisemi kila shairi sasa lijae mkrismasi. Mtafanya kama Ketsumeishi na wenzake, na mhariri atanilaumu mimi. Nasema kabla ya kuandika ua, jiulize linaangukia kichwa cha nani, na mtu huyo anakwenda wapi na basi gani.

Yule kijana amelirudia shairi lake. Nimeliona. Stendi imo, tranka imo, na kuna shati lenye jina lililofutika kwa kufuliwa na mama asiyejua, mstari ambao ningefurahi kuwa niliuandika mimi. Ila ubeti wa tatu amebakisha theluji, moja tu, inamwangukia utingo kwenye ngazi ya basi. Nimemwambia aitoe. Amekataa katakata, anasema hapo ndipo anapolia. Dada wa swali lile naye amehamia upande wake, kwa hiyo Jumapili tunabishana tena.